Daftari la Nashukuru

Mwaka wa sabini na tatu nilipewa daftari, nikaambiwa nishukuru. Hasira ya siku ile sijaimaliza mpaka leo.

Nilikuwa nimeolewa Ipogolo, mimi binti wa Iyunga, Msafwa kwa Wahehe. Mume wangu alikuwa Chunya kwenye machimbo, kwa hiyo nilibaki na mama yake. Tuligombana kwa Kiswahili, maana hakuna aliyejua matusi ya lugha ya mwenzake. Mtoto wangu wa kwanza, wa kiume, nilimzalia mle mle nyumbani, mama mkwe mwenyewe akampokea. Alizaliwa alfajiri. Saa sita mchana haikumkuta.

Wanawake watatu walimzika nyuma ya nyumba. Jioni mama mkwe akaniletea uji. Matanga hakuna, kwa sababu kitoto kisicho na jina hakikaliwi matanga.

"Usililie damu, mwanangu," akaniambia. "Yule hakuwa mtu bado."

Hakuwa mtu! Maziwa yananichuruzika mpaka gauni limelowa, halafu naambiwa nimezaa damu.

Wiki iliyofuata akaja mwenyekiti wa akina mama wa kanisani na daftari jipya na penseli. "Kila asubuhi, kabla hujawasha moto, andika mambo matatu unayomshukuru Mungu. Dakika tano tu. Alhamisi utatusomea." Alisema hiyo ndiyo dawa ya huzuni. Huzuni gani? Mimi nilitaka kumtupia mtu sufuria.

Basi nikaandika, kwa shari. Mtu akikukaribisha ugali nawe umeshiba, unamwambia "nashukuru," naye anaondoa sahani. Ndivyo nilivyoiandika nashukuru yangu: nimewachoka, ondoeni. Nashukuru kuni zimekauka. Nashukuru chumvi ipo. Nashukuru mama mkwe kaamka hana sauti. Hiyo ya mwisho sikuwasomea.

Shida ya kuandika kila siku ni kwamba uongo unaisha. Kuni nilishazishukuru, chumvi nilishaishukuru, mvua nayo nimeishukuru mpaka imekatika. Asubuhi moja nikakaa na penseli sina cha kuandika, na mkono ukaandika wenyewe jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Nikalisoma. Kwa hasira nikasema Alhamisi nalisoma, wakitaka wanirudishe kwetu.

Alhamisi tulikuwa wanawake kumi hivi kwenye mabenchi, mama mkwe pembeni yangu. Zamu yangu ilipofika nikasimama.

"Nashukuru mwanangu alipiga chafya. Mara mbili. Na bibi yake akacheka, akamwambia: Afya, mume wangu."

Mimi nikamgeukia mama mkwe, na adabu yote niliyofundwa ikanitoka.

"Mama, tangu lini damu ikapiga chafya? Tangu lini wewe ukaitakia damu afya? Ulimwita mume wako! Nilikusikia kwa masikio yangu!"

"Wee binti!" mwenyekiti akanikemea. "Unamfokea mama mkwe wako, tena kanisani?"

"Namfokea, ndiyo! Nanyi nyote nawafokea!"

Nilingoja mama mkwe anijibu, nilikuwa na maneno mengine tayari, makali zaidi. Alivua khanga aliyojitanda, akajifunga kiunoni, akashuka kwenye benchi akakaa sakafuni, akanyoosha miguu kama wanavyokaa wafiwa. Halafu akapiga yowe.

"Mume wangu weee! Mume wangu!"

Wanawake wakatazamana. Mmoja akashuka akakaa chini, kisha mwingine, mpaka mabenchi yakabaki matupu, mwenyekiti naye akiwa chini. Matanga ya mwanangu yakaanza hapo, mwezi mzima baada ya kuzikwa. Nikakaa nao na kulia, na bado nilikuwa nimemkasirikia yule mama. Mwezi mzima alikuwa anajua!

Kesho yake asubuhi, kabla sijawasha moto, alinifuata jikoni na daftari langu mkononi. Hakujua kusoma hata herufi moja. Alilifungua, akalileta mbele yangu.

"Nionyeshe pale alipopiga chafya," akasema.

Nikamwonyesha. Akaweka kidole chake pale, akakiacha.