Alama ya Kidole

Mdogo wangu alijifungua salama, mtoto wa kike, na wiki iliyofuata akaanza kunenepa. Kwetu Misigiri hiyo ni sifa. Mzazi akinenepa anayepongezwa ni mpishi, na mpishi alikuwa mama, kwa uji wake wa uwele na asali.

"Mzazi kanawiri!" majirani walisema mlangoni. "Mama, na sisi tukizaa tunakuja kwako."

"Mje na kuni zenu," mama akawajibu.

Mimi nauza vitunguu kando ya barabara kuu. Sinunui gunia kwa kulitazama. Nabonyeza kimoja kimoja, nikimaliza narudia, mkulima anune asinune. Kitunguu kinaweza kung'aa huku kimeoza shingoni. Jumapili ile nilikaa kitandani kwa mdogo wangu, nikambonyeza mguu. Shimo la kidole likabaki. Nikabonyeza wa pili. Likabaki.

"Dada, mimi siuzwi," akasema, anacheka macho kayafumba.

"Kichwa je?"

"Kinagonga tangu jana. Uchovu wa kunyonyesha tu."

"Vaa, twende zahanati."

"Kesho."

"Sasa hivi."

"Basi jua likipoa, dada. Hili linanitia ukungu machoni."

Kupatana bei nilimfundisha mwenyewe, enzi hizo ananibebea ndoo ya vitunguu: mwenzako akisema sasa, wewe sema kesho, mtakutana jioni. Akanishinda. Nikacheka, nikaenda kutafuta bajaji ya jioni.

Jua halijapoa, mama akapiga yowe. Mdogo wangu alikuwa amekakamaa, anatetemeka mwili mzima, mtoto analia pembeni.

Zahanati, nesi alimfunga kipimo cha presha mkononi, akapima, akarudia, akachoma sindano, akaita gari la wagonjwa.

"Kifafa cha mimba," akaniambia.

Nikabisha, ndiyo kawaida yangu. Mimba gani, si ameshajifungua?

"Huja hata baada ya kuzaa, dada. Dalili ni kuvimba, kichwa kisichoacha kuuma, ukungu machoni."

Ukungu. Alinitajia kwa mdomo wake, mimi nikadhani anapunguza bei.

Hospitali tulifika naye. Hatukurudi naye.

Mtoto sasa anakaa mwenyewe, kwenye beseni karibu na meza yangu. Wateja wanamsifu: "Huyu kanenepa jamani!" Nasema asante. Wakiondoka naweka vitunguu chini, nambonyeza mguu. Nyama inarudi juu palepale.

Nabonyeza na wa pili.