Zimamoto Anayeuliza Ninalala Wapi

Zimamoto wa kituo kinachotazamana na nyumba yangu ana mikono mipana kama sepetu, lakini mlango wangu anaugonga kwa kidole kimoja, kama anayeogopa kuamsha mtoto. Kila asubuhi analitoa gari nje kisha analirudisha. Anasema ardhi ikitikisika gari litoke kwanza, maana mlango wa kituo ukikwama litabaki ndani kama kuku bandani. Halafu anazunguka nyumba za mtaa na swali lake lile lile, kwa sauti ya chini: "Bibi, kitanda chako kiko wapi?" Mara ya kwanza nilimwambia akamuulize mama yake. Akacheka. "Nyumba ikianguka, Bibi, nataka nijue pa kuanza kuchimba." Basi nikamwonyesha, kando ya ukuta wa jikoni. Akaupapasa taratibu, kama anayepapasa ng'ombe.

Juzi ardhi ikatikisika, vikombe vikagongana kabatini. Sikutoka. Nyumba hii nimeijenga mwenyewe, siikimbii. Gari lao nikalisikia linatoka, na punde kidole kikagonga ukuta wa jikoni. "Bibi, upo?" Mimi nipo chumba cha mbele, kitanda nilishakihamishia huko, nafuata jua. Akagonga tena, sasa kwa ngumi. "Nipo!" nikaitikia, naye akashusha pumzi mpaka nikaisikia. Kesho yake nilivuka barabara kwa miguu yangu hii, nikamkuta analirudisha gari. "Kitanda kimehama," nikamwambia. "Chumba cha mbele, mkono wa kulia. Usije ukanichimbia jikoni."