Mkoba wa Naziha Wamjibu Munsif

Naziha alikuwa na miaka hamsini na tisa, magoti mabovu, na marehemu mume aliyekufa akiamini kwamba yeye mwenyewe ni fundi.

Lotfi, Mungu amrehemu, alikuwa bingwa wa kufungua. Alifungua kabureta, alifungua breki, alifungua hata visivyoomba kufunguliwa, kisha siku ya Ijumaa akaenda msikitini huku nyuma boliti tatu zimebaki kwenye kisahani cha zeituni. Wakati yeye yuko kwenye swala, Naziha anaingia chini ya gari kuweka mambo sawa. Alikuwa ametengeneza mitambo ya kiwanda cha nguo hapo Sfax kwa miaka ishirini na sita, na injini ya gari kwake ilikuwa cherehani iliyonenepa tu. Lotfi akirudi anawasha, gari linanguruma.

"Umeona?" anasema. "Mikono ya dhahabu hii."

"Mashaallah," anasema Naziha, na kwenda kuosha yake.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwenye kikundi cha simu cha mafundi wa nyumbani, watu elfu nne wa Tunisia nzima wanaokesha wakibishana kuhusu spana. Lotfi alijiita Haji Bistoni, yaani pistoni ya injini, ingawa Makka hajafika, na nje ya nyumba yake hakumwambia mtu. Alisoma maswali kwa sauti, Naziha akajibu huku akimenya viazi, na Lotfi akaandika kama vile kayatoa kichwani mwake. Alipofariki, Naziha alibaki na simu na maswali yakabaki kumiminika. Akaendelea kujibu. Kikundi hakikujua kwamba Haji amekufa; waliona tu kwamba siku hizi hakosei tahajia.

Mwaka wa pili wa ujane, likaingia kwenye kikundi swali lenye picha: injini ya gari kuukuu la Kifaransa, na nyuma yake kamba ya nguo. Naziha alivaa miwani. Zile zilikuwa suruali zake za ndani za baridi, za rangi ya waridi, zikipepea mbele ya mafundi elfu nne.

Mwenye swali alikuwa Munsif, mdogo wake, anayekaa ghorofa ya chini. Gari lake likiwaka asubuhi linakwenda vizuri, baada ya robo saa linazima. Likipumzika linawaka tena. Alikuwa amebadilisha plagi, koili na pampu ya petroli. Mwezi uliopita Naziha alishuka kumsaidia, akaambiwa, "Dada, wewe kashone. Hapa kuna petroli."

Basi akamjibu kwa jina la marehemu. "Kuna kitu kipya umeweka kabla ya ugonjwa kuanza?"

"Kifuniko cha tanki tu, Haji. Kinang'aa, kina ufunguo."

"Kina tundu la kupitisha hewa? Petroli ikitoka, lazima hewa iingie. Likizima tena, fungua kifuniko usikilize."

"Haji, uniwie radhi," aliandika Munsif. "Injini iko mbele, tanki liko nyuma. Tuzungumze mambo ya maana."

Naziha akamwacha na maana yake.

Jumamosi walikuwa wanakwenda Mahdia kumposea kijana wa Munsif. Munsif kwenye usukani, mkewe Saida pembeni, na nyuma Naziha na Khadduja, mama yake Saida, mwenye miaka themanini na sinia la vitamu mapajani. Robo saa baada ya kutoka nyumbani, kwenye barabara ya El Jem, gari likakohoa mara mbili na kufa, jua la adhuhuri limewaangukia kichwani.

Munsif akafungua boneti, akapiga picha, akamwandikia Haji. Ndani ya mkoba wa Naziha: ting!

Akaandika tena. Ting!

"Haji hajibu," alilalamika. "Ameamka na kiburi leo." Akaandika mara ya tatu. Ting!

Khadduja, ambaye husema hasikii kila akiombwa kitu, aligeuza shingo. "Munsif, mwanangu, kila ukibonyeza hiyo simu mkoba wa dada yako unakuitikia. Mkoba huu ndio Haji, au joto limeniingia?"

Naziha alishuka, magoti yakilia, akaenda nyuma, akazungusha ufunguo. Kifuniko kikavuta pumzi: fyooo! Hata Saida aliisikia.

"Washa," alisema.

"Dada, haiwezekani kwamba..."

"Washa, mpumbavu wewe, mchumba atazeeka!"

Likawaka. Walikwenda mpaka Mahdia kifuniko kikiwa kimelegezwa, Khadduja akila vitamu vya watu wengine na kucheka peke yake. Posa ilikubaliwa. Walipokaribia nyumbani Munsif aliuliza: "Na breki za Lotfi, zile alizozisifia?"

"Zangu."

"Na kabureta?"

"Endesha, Munsif."

Kesho yake Munsif aliandika kwenye kikundi, bila kumuuliza Naziha: Haji Bistoni amefariki miaka miwili iliyopita, na aliyekuwa akiwajibu ni dada yangu, mjane wake, tangu mwanzo. Anayetaka kucheka acheke sasa.

Watu kumi na moja walijitoa. Waliobaki wakaanza kutuma rambirambi. Zilikuja kwa mamia, kutoka Bizerte, Gabes, Tozeur, kutoka kwa watu ambao hawakuwahi kuuona uso wa Lotfi. Naziha alikaa jikoni akizisoma moja moja. Siku ya mazishi alikuwa na wageni wa kulisha, hakupata nafasi ya kulia. Sasa alilia mpaka kamasi zikamtoka, akimlilia yule mwongo wake mwenye mikono ya dhahabu.

Katikati ya rambirambi mtu mmoja wa Kairouan aliandika: "Mungu amrehemu Haji. Samahani dada, nati ya gurudumu imegoma kufunguka, na spana imekula pembe zake. Nifanyeje?"

Naziha alipenga kamasi. "Kwanza weka chini hiyo soketi ya pembe kumi na mbili," aliandika. "Tafuta ya pembe sita, uigonge iingie. Na ukiendelea kutumia nguvu badala ya akili, nakuja mwenyewe."