Ngano Tuliyovuna kwa Taarifa ya Bahari

Kwa miaka tisa nilifanya kazi Mombasa, katika ofisi ya mawakala wa meli, na kila asubuhi jambo la kwanza lilikuwa kusoma taarifa ya bahari. Niliketi mbele ya redio nikawasomea manahodha kasi ya upepo, urefu wa mawimbi, mahali dhoruba ilipofika na joto la maji, kuanzia pwani yetu hadi visiwa vya mbali mashariki. Kuogelea sikujua. Bahari yenyewe niliijua jinsi muuguzi anavyomjua mgonjwa kwa kadi iliyoning'inia kitandani.

Baba alipoanguka kutoka kwenye trela ya trekta akavunjika nyonga, nilirudi Njoro. Ndugu zangu walikuwa na familia na kazi zao mbali. Mimi sikuwa na wa kunizuia. Ekari kumi na mbili za ngano zilikuwa zinangoja mtu, na mtu mwenyewe akawa mimi, niliyeondoka nyumbani nikiapa kwamba sitashika jembe tena.

Taarifa ya bahari sikuiacha. Niliisoma kwenye simu kila asubuhi nikinywa chai, na Baba, aliyekuwa akitembea kwa magongo, hakuchoka kunitania.

"Meli zako zimefika Njoro?" angeuliza.

"Bado, Baba. Zimekwama Nakuru."

Kuanzia Agosti nilianza kuona jambo. Maji ya upande wetu wa bahari yalikuwa yanapata joto wiki baada ya wiki, na yale ya upande wa pili, kule Indonesia, yalikuwa yanapoa. Hali hiyo nilikuwa nimeiona mara moja nikiwa ofisini. Mwaka ule mvua za mwisho wa mwaka ziliwahi kufika, na zikaja kwa hasira hadi barabara zikakatika. Kufikia mwanzo wa Oktoba tofauti ilikuwa kubwa, na upepo wenye unyevu ulikuwa umeanza kuelekea kwetu.

Shambani ngano ilikuwa imegeuka rangi ya dhahabu, lakini haijakauka sawasawa. Nilipomletea suke nyumbani, Baba aling'ata punje moja, akaitema.

"Bado laini. Wiki mbili, tatu. Kila mtu anangoja."

"Tukingoja wiki mbili itanyeshewa, Baba. Itaota ikiwa bado kwenye masuke."

"Nani amekuambia?"

"Bahari."

Mama, aliyekuwa akimenya viazi, aliacha kisu akatutazama. Nilichukua sufuria ya maji nikaiweka jikoni, upande mmoja juu ya moto, mwingine nje. Maji yalipoanza kutokota nikamwonyesha Baba mvuke ulikokuwa ukipanda. "Moto uko upande wetu mwaka huu," nikamwambia. "Mvuke huu utapanda hadi huku."

Baba akauliza, "Umewahi kukosea?"

Nikamwambia ukweli. Kuna nahodha niliyemwambia bahari imetulia, naye akarudi sahani zote za jikoni mwake zimevunjika. Baba alicheka hadi akashika nyonga.

"Sawa," akasema. "Shamba ni lako mwaka huu. Lakini ukikosea, hiyo ngano mbichi utaila peke yako."

Mwenye kombaini, ile mashine ya kuvunia, naye hakutaka. Alikuja, akachota punje kiganjani, akazitia kwenye mashine ndogo ya kupima unyevu.

"Madam, hii iko na maji bado. Hakuna mahali watakubali kuinunua hivi."

"Nitaianika mwenyewe. Wiki hii una kazi kwingine?"

Hakuwa nayo, kwa sababu kila mtu alikuwa akingoja. Kesho yake asubuhi kombaini ikaingia shambani.

Jirani yetu wa upande wa chini, mama mjane anayelima ekari tano, alisimama kwenye ua akitazama vumbi. Akaniita. "Mbona haraka hivi?" Nilimweleza yote, nikamwambia pia kwamba naweza kukosea. Aliangalia ngano yake, akaangalia anga lililokuwa safi kabisa. "Kombaini ikitoka kwako," akasema, "ipitie kwangu."

Kule kwenye maduka watu walicheka. Nilisikia nikinunua sukari: msichana wa Mombasa ameleta samaki kwenye ngano. Nilirudi nyumbani uso ukiwaka. Hapo ndipo Baba alipofanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliketi barazani na simu yake, akaanza kuwapigia wazee wenzake, mmoja mmoja.

"Msichana wangu anasema mvua itawahi," alimwambia kila mmoja. "Mimi nimeshakata. Wewe fanya utakavyo."

Sikuwahi kumsikia akisema "msichana wangu anasema" kuhusu jambo lolote la shamba. Nilijifanya natafuta kitu stoo ili wasinione machozi.

Mashamba matano zaidi yalikatwa wiki ile. Kanisa lilitupa uwanja wake, tukatandaza maturubai kutoka ukutani hadi langoni, tukaimwaga ngano. Tuliigeuza kwa reki za mbao na kwa nyayo zetu, kuanzia umande ulipokauka hadi jua lilipoelekea milima ya Mau. Wanawake waliimba, wanaume wakabeba magunia, na Mama akawa mkaguzi: akipita anang'ata punje hapa, anang'ata pale, akitikisa kichwa. Siku ya nne punje ililia "ta" kati ya meno yake. Akainua kidole gumba, nasi tukaanza kujaza magunia.

Asubuhi iliyofuata taarifa ilisema mawimbi yamepanda pwani yote na upepo wa mashariki umeongeza nguvu. Adhuhuri mawingu yaliinuka upande wa vilima vya Bahati, meusi, yakaja yakilimeza bonde. Gunia la mwisho la jirani yetu liliingia stoo matone ya kwanza yakigonga mabati. Kisha ikamwagika. Ndani ya stoo hatukuweza kusikilizana. Mama alinishika mikono yote miwili tukacheza katikati ya magunia, na jirani akajiunga nasi, viatu mkononi. Baba aliingia kwa magongo yake, ameloa, akatumbukiza mkono kwenye gunia lililo wazi, akauacha humo, ngano kavu ikimfika kwenye kiwiko. Alinitazama tu. Ilinitosha.

Mvua haikukatika kwa siku kumi na moja. Kwenye mashamba ya juu, ya wale waliongoja, ngano iliota ikiwa imesimama. Hakuna kati yetu aliyewacheka; tuliwapa mbegu, na Baba mwenyewe ndiye aliyetaka iwe hivyo.

Mvua ilipopungua, lori la kinu cha unga lilikuja kuchukua magunia yetu. Mpimaji alichoma kijiti chake cha kupimia gunia baada ya gunia, akasema ngano ni safi, hajaona nyingine kama hiyo tangu mvua ianze. Lori lilipojaa likazama kwenye tope pale langoni. Tuliita watu, na watu wakaja: jirani, wazee wa Baba, hata wawili wa mashamba ya juu. Baba alisimama barazani akielekeza kwa gongo, kushoto, kulia, sukumeni. Tulisukuma mabega yakiuma, magurudumu yakitumwagia tope usoni, hadi lori likachomoka kwa mngurumo, likapanda barabara na mzigo wetu wote. Tulibaki tumesimama pale, hatutambuani kwa matope, tukipigana makofi mgongoni.