Nyumba ya Birika

Siku niliyopelekwa kwa wakwe mara ya kwanza, birika liliondoka nyuma ya boti likaja mpaka miguuni pangu bila kusukumwa na mtu. Boti ilikuwa imeinama upande, na vyombo vyote vikaanza safari: birika, taa ya mafuta, kisu cha samaki, tochi, kopo la kuchotea maji yanayoingia. Kisha ikainama upande wa pili na vyote vikarudi vilikotoka. Mimi nimezaliwa kwenye milima ya chai, na maji mengi niliyowahi kuyaona ni ya mto wa kuvuka kwa kuruka. Nilipiga mayowe ziwa zima likasikia. Nilifika kisiwani, nikala samaki, nikarudi bara nimefumba macho, nikaapa kwamba sitarudia.

Mume wangu hakunilazimisha. Alikuwa fundi wa mabomba, mtu wa maneno machache, na tulikuwa tunakaa chumba kimoja pale Mbotela, Nairobi. Miaka ile ya sabini ikasonga hivyo, yeye akienda kwao peke yake. Lakini tulipopata binti, kwa desturi za kwetu akapewa jina la mama wa baba yake, na hapo mambo yakawa mazito. Kisiwani kulikuwa na mama mkwe ambaye magoti hayakumruhusu kusafiri mpaka Nairobi. Mbotela kulikuwa na somo yake, mwenye jina lake, bado mchanga, ananyonya, hawezi kwenda popote bila mimi. Kila aliyetoka huko alileta salamu zile zile: mama anauliza somo yake ataletwa lini.

Nilikuwa na majibu mengi. Mtoto ana mafua. Mvua imezidi. Siku nilipoishiwa nikasema, "Baba watoto, mimi siingii kwa kitu yenye hata birika haiwezi kukaa mahali pamoja." Nilisema ili yaishe. Akanitazama, akafikiri, akauliza, "Ni birika tu, ama na taa?"

"Vyote," nikasema.

Ningejua, ningesema tu kwamba naogopa.

Haikupita muda shemeji yangu, mdogo wa mume wangu na mwenye boti, akatuma vyombo vyote kwa basi ndani ya gunia. Mume wangu akaleta vipande vya mabomba ya plastiki, yale ya kijivu, vilivyobaki kwenye kazi zake. Alinieleza kwamba plastiki ile ikipata moto inalegea, na ikipoa inabaki vile ulivyoiweka. Kila chombo kingetengenezewa mahali pake, kisha mahali pale pafungwe kwa skrubu kwenye mbao za boti. Akapasua bomba kwa msumeno kutoka juu mpaka chini, akaanza kulipasha kwenye jiko la makaa nje ya mlango.

Lilinuka vibaya. Jirani alitoa kichwa dirishani. "Mama, leo mnapika nini huko? Macho inawasha watu."

Nikamwambia ni nyumba ya birika. Akarudi ndani bila swali la pili, na najua alienda kunisimulia.

Nyumba ndilo jina mume wangu alilovipa vitu vile. Nyumba ya kwanza iliungua ikawa nyeusi. Basi akachukua kikaango changu cha chapati, bila ruhusa, akakijaza mchanga, akaupasha moto mchanga na kufukia vipande humo. Vikatoka laini kama unga uliokandwa. Nilimnunia kwa ajili ya kikaango kile, na bado nikavuta kigoda nikakaa kumtazama, kwa sababu nilikuwa nampenda sana akiwa kazini. Alizungushia birika plastiki ya moto, akaikandamiza kwa matambara mabichi, akamwagia maji baridi. Ikashika kweli. Ilishika hata birika likakataa kutoka. Tulivuta, yeye huku na mimi kule, mpaka nikacheka nikakaa chini. Ikabidi aikate kwa msumeno.

Tangu hapo kila chombo kilivalishwa soksi yake kuukuu kabla ya kuzungushiwa plastiki, ili nyumba iwe na nafasi kidogo. Birika ndani ya soksi, taa ndani ya soksi, kisu ndani ya soksi.

"Birika iko na nyumba yake, kisu iko na nyumba yake," nikamwambia, "na sisi sote tumejazana kwa chumba moja."

"Birika bado haijaoa," akasema.

Kipande cha mwisho kilikuwa cha tochi. Alikuwa ndiyo kwanza amekitoa mchangani, kimelegea, mara mtoto akatambaa kuelekea jiko. "Shika," akasema, akanitupia kikiwa kwenye tambara bichi, akamrukia mtoto. Nilikikamata kwa nguvu zangu zote, macho yangu yako kwa binti yangu, na sikulegeza hata baada ya yeye kumbeba. Nilipofungua tambara, kipande kilikuwa kimeganda na vidole vyangu vyote vilikuwa vimechimba humo.

"Nimekuharibia. Tupa hiyo."

Akapitisha kidole chake kwenye kila shimo, taratibu. "Hii iko na mwenyewe," akasema, akakitia kwenye gunia. Tochi ikatengenezewa nyumba nyingine.

Sasa sikuwa na pa kujificha. Tulisafiri mpaka ziwani, ndugu wale wawili wakazifunga nyumba zote, nami nikakaa kwenye ubao na mtoto kifuani, nimemfunga kwa leso ya kubebea. Tulipofika katikati boti ikainama. Nikalitazama birika. Halikutikisika. Taa ilitulia, kisu kilitulia, kopo lilitulia, na mimi nilikuwa natetemeka vile vile. Birika la watu halikuwa na kosa lolote.

"Naogopa," nikamwambia mume wangu. Sikuwa nimewahi kulisema neno hilo.

"Najua. Weka mkono hapo chini, upande wako."

Chini ya ukingo wa ubao kulikuwa na kile kipande cha kijivu, kimekazwa kwa skrubu. Kila kidole kikaingia mahali pake. Nilishika, na sikuachilia njia nzima, mawimbi yalipokuja na yalipotulia.

Mama mkwe hakutungoja nchi kavu. Aliingia majini na magoti yake yale mabovu, nguo zikielea, mikono ameinyoosha mbele. Alisema maneno kwa lugha yake, na sikuhitaji kutafsiriwa. Alikuwa anataka somo yake.

Fundo la leso linataka mikono miwili. Boti ilikuwa bado inayumba. Niliachilia, nikalifungua.