Sufuria Iliyotoka Chini ya Bahari

Kwa harusi ya mdogo wetu, kaka alituma sufuria. Ilifika bandari ya Wesha ndani ya pipa, tukaipakia gari ya mizigo mpaka kwetu Mtambile. Mama aliizunguka mara mbili, amejishika kiuno.

"Hii yapika wali wa mtaa mzima," alisema, machozi yakimlenga. Miaka sita hakumwona mwanawe. Kila mwaka ana sababu mpya ya kutokuja. Akaapa pilau ya harusi haipikwi kwenye chombo kingine.

Mimi ni mtu wa kuuliza, hilo nalikubali, na siku ile ningefunga mdomo tungepona. Kaka anafanya kazi nchi za baridi, kwenye uwanja wa kukatia meli zilizochakaa. Nilimpigia simu mbele ya mama na jirani yetu, spika nimeifungua, nikamuuliza kaitoa wapi. Akasema kwenye jiko la nyambizi.

"Nyambizi! Ile meli inayokwenda chini ya bahari?"

"Hiyo hiyo. Ya vita."

Basi sikumwacha. Mabaharia wanalala wapi? Moshi wa jiko unatokea wapi? Kibla wanakijuaje, na chombo kinageuka huko gizani? Alinijibu alichokijua. Wazungu waliiunda, wakaitumia mpaka wakaichoka, wakaliuzia jeshi la nchi ya Kiislamu. Ikabadilishwa jina na bendera, ikatumika tena mpaka ikazeeka, ndipo ikaletwa kukatwa.

Mama alishika neno moja tu. "Wazungu? Si wamepikia nguruwe humu?"

Kaka akaaga haraka, akakata simu.

Lahaula! Jirani yetu, ulimi wake hauna likizo, alasiri keshatangaza kwamba harusini atakuja ila hatokula. Na kwetu chakula cha harusi kikisusiwa, aibu hiyo haifutiki. Mama akaingia chumbani, akafunga mlango. Nilijichukia.

Asubuhi niliitoa uani. Dini ina njia yake: chombo kilichoguswa na nguruwe huoshwa maji saba, moja la udongo. Kabla sijaanza niliigeuza, maana siwezi kuona kitu nisikichungue. Chini ya mkono wa sufuria palikuwa na mikwaruzo ya msumari: mistari saba midogo, na kando yake bismillahi kwa herufi za Kiarabu.

"Mama! Njoo uone!"

Kumbe mpishi wa jeshi lile la pili, siku alipokabidhiwa jiko la wenzake, alipatwa na wasiwasi huu huu wetu. Mama alipitisha kidole kwenye mistari, mmoja mmoja.

"Huyu kafunzwa na mamake," alisema. "Lakini tutaosha tena. Yeye kaosha kwa dini yake, sie tuoshe na majirani waone."

Tukaiburura hadi nje barabarani, wanawake wakahesabu kwa sauti. Maji ya saba aliyamimina jirani mwenyewe, na siku ya harusi alikula sahani mbili.

Siku hiyo, pilau ikiwa jikoni, kaka alipiga simu ya video. Mama alimwonesha sufuria, akamsimulia maji yote saba. Kaka alicheka, halafu akainamisha uso.

"Na mimi je, mama? Huku nimekula mengi, nimekunywa mengi. Ndiyo maana siji."

Mama hata hakuweka mwiko chini.

"Maji ni yale yale saba," alisema. "Na udongo umebaki. Njoo."