Hesabu, Mjomba

Mimi na shule tuliachana darasa la sita, kwa amani kabisa, hakuna aliyemlilia mwenzake. Lakini nguvu nilikuwa nazo, na pale zilipopungua nilikuwa na mdomo wa kujazia. Mtaani wananiita Jeki. Jina nilijipa mwenyewe, kwa ajili ya pikapu niliyoinua upande mmoja, peke yangu, dereva akabadilisha gurudumu. Hiyo pikapu tutairudia. Leo nataka niwaeleze habari za mpwa wangu, na naomba msinikatize, maana mkinikatiza nitapata kisingizio cha kutomaliza.

Mpwa wangu ni dobi. Ana mashine moja ya kufulia, meza moja ya kupigia pasi, na shuka za nyumba ya wageni ambazo haziishi, ukimaliza rundo la leo, la kesho liko mlangoni. Anaamka saa kumi na moja alfajiri. Anamwogesha mama yake, anamlisha, anamgeuza, saa mbili yuko dukani. Saa sita anakimbia nyumbani kumgeuza tena, anarudi, mpaka jua lizame. Huyo mama ndiye dada yangu mkubwa. Alikuwa mwalimu, nusu ya mtaa huu aliifundisha kusoma, mimi nikamshinda. Kiharusi kilimlaza upande wa kulia, na maneno yakawa yanamtoka moja moja, kama maji ya mgao.

Mwezi wa kwanza wa ugonjwa alianguka kando ya kitanda. Binti yake, huyo mpwa wangu, akavuta, akashindwa. Akatoka barabarani akaita wanaume wawili wapita njia. Walimwinua, Mungu awalipe, lakini gauni lilipanda mpaka kiunoni, na mmoja wao alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Akamwambia, "Pole, Mwalimu," huku anaangalia dari. Dada yangu hakula siku ile. Jioni akasema, "Watu... tena... hapana."

Kesho yake mpwa wangu akanijia. "Mjomba, wewe si Jeki? Nifundishe kupata nguvu. Vyuma sina, na muda wa kwenda kuvitafuta sina."

"Vyuma vya nini, mwanangu? Mwili wako wenyewe ni mzigo. Uinue huo."

Nilisema tu ili nionekane. Haki ya Mungu, pushapu yangu ya mwisho niliipiga nikiadhibiwa shuleni. Lakini yeye aliyachukua yale maneno kama dawa, akaenda kuyatafutia nafasi kwenye siku isiyo na nafasi. Mashine inapokamua nguo inachukua dakika saba: hizo zikawa zake. Pasi ikipata moto, anachuchumaa na kusimama, mikono mbele. Akipiga mswaki, anasimama mguu mmoja. Birika likiwa jikoni, anasukuma ukuta. Pushapu alianzia kwenye ukingo wa meza ya pasi, akashuka kwenye kiti, mwisho akafika sakafuni.

Na mimi? Mimi nilikuwa kocha. Nilikaa kwenye kiti cha wateja na karanga zangu, nikahesabu. "Saba... nane... hiyo haikushuka. Nane tena."

"Mjomba, imeshuka!"

"Kidevu kilibaki ghorofani. Nane."

Siku moja mteja akaingia. "Dobi, upo?" Dobi akaibuka nyuma ya kaunta jasho linamtiririka, nywele zina vumbi.

"Nilikuwa natafuta kifungo," akasema.

"Hata Jumatatu nilikukuta unatafuta kifungo."

"Ni cha koti la bwana harusi," nikadakia. "Kisipopatikana hakuna ndoa."

Tulicheka mpaka shuka zikaungua kidogo. Lakini miezi minne haikupita bure. Alianza na pushapu tatu za ukingo wa meza, akafika kumi na tano za sakafuni, zilizonyooka. Na siku moja alimkalisha mama ukingoni mwa kitanda, akakunja magoti, akamkumbatia, akaniambia, "Hesabu, Mjomba." Nikasema moja, mbili, tatu, na dada yangu akawa kwenye kiti. Hakuitwa mtu. Mimi nikaenda kuringa kwa seremala, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta: "Umeona kazi ya Jeki? Na wewe njoo nikufundishe, unahema hata ukiinua msumeno."

Sasa ndiyo nafika pale nisipopapenda.

Ilikuwa Jumatano. Nyumba ya wageni ilileta shuka mara mbili ya kawaida, na mpwa wangu hakuweza kutoka. Akanituma: "Saa sita kamgeuze mama, umpe chakula. Usimtoe kitandani, Mjomba."

"Unamwambia nani? Jeki?"

Nikamtoa kitandani. Nilitaka binti akirudi amkute kwenye kiti, dirishani, ajue nani mwenyewe. Nikamkumbatia nilivyoona akikumbatiwa. Nikahesabu. Kwenye tatu magoti yangu yakanisaliti, tukashuka wote wawili taratibu, kama ukuta wa udongo ulionyeshewa. Hakuumia. Lakini kumwinua, nilishindwa. Nikajaribu mara ya pili, ya tatu, nikabaki nimeshika ukingo wa kitanda, naona nyota mchana.

Nyuma ya ukuta randa ya seremala ilikuwa inakwenda, shwaa, shwaa. Dada yangu akaisikia.

"I-ta," akasema.

"Nini, dada?"

"Ita... fundi."

Nilimsikia. Nawaambia ukweli, nilimsikia vizuri sana. Yeye aliyeapa hataki tena kuinuliwa na watu, alikuwa ameimeza aibu yake pale sakafuni, mbele yangu. Yangu ilinikaba kooni. Nikaiona sura ya seremala akiingia, akiniangalia, akisema, "Jeki?" Basi nikamwambia dada yangu, "Pumzika kidogo. Hapa chini pana ubaridi mzuri."

Akaomba mara ya pili. Mara ya tatu hakuomba, alifumba macho tu. Baadaye sakafu ikalowa. Nikafunika pale kwa koti langu, nikageuka nikaangalia dirisha, kama yule mwanafunzi alivyoangalia dari. Toka saa sita na nusu mpaka saa tisa. Randa haikunyamaza hata mara moja.

Mpwa wangu akaingia. "Mama! Mjomba, kuna nini?"

"Alitaka kukaa chini kidogo," nikasema.

Dada yangu akafumbua macho. Akaniangalia kwa muda, nikajua yamekwisha. Kisha akamgeukia binti yake. "Nili... taka," akasema.

Afadhali angenipiga kofi.

Binti aliona koti. Akaliinua, akaona gauni, akalirudisha. Akamkalisha mama yake wima, akapiga goti moja, mgongo umenyooka, akapitisha mikono kwapani.

"Hesabu, Mjomba."

"Moja," nikasema. "Mbili."

Tatu haikutoka. Niliitafuta mdomoni sikuiona. Akamwinua bila tatu yangu, kutoka sakafuni hadi kitandani, mguu wa mama ulio mzima ukisaidia, mishipa ya shingo imemsimama. Kisha akaniomba nitoke nje ili ambadilishe nguo.

Asubuhi yake nilikwenda kwa seremala, nikasimama kwenye vumbi la mbao nimekunja kofia mkononi. Nikamwambia yote. Nikamwambia, "Siku nyingine nikigonga ukuta, njoo na mkeo. Na ile pikapu sikuinua mimi. Waliinua watu sita. Mimi nilishika tochi."

Akaendelea kupiga randa kidogo. "Tunajua, Jeki. Mmoja wa wale sita ni kaka yangu."

"Miaka yote hii?"

"Ulikuwa unasimulia vizuri." Akapuliza vumbi kwenye ubao. "Gonga tu. Tutakuja."

Siku hizi mimi ndiye ninayechemsha chai ya dada yangu asubuhi. Birika likiwa jikoni nasimama chumbani mwake, naweka mikono ukutani, nasukuma. Mimi Jeki, ukutani! Jana nilifika sita, nikahema kama ng'ombe. Leo nikataka saba. Nikashuka, nikapanda, nikageuka kumwangalia.

Alikuwa ameegemea mto, ananitazama kwa lile jicho la darasani.

"Hai... kushuka," akasema. "Sita."

Nikarudisha mikono ukutani.